Mashine Imesetiwa kwa Mahindi, Shambani Kuna Alizeti: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Mwezi wa nane mama mmoja anayeishi Ruai, ambaye shamba lake liko Migori, alinimwagia soya juu ya benchi ya gereji. Karibu nusu ya punje zilikuwa zimepasuka katikati, zimekaa kama dengu zilizokobolewa. “Fundi, mashine imeharibika,” akasema. “Nimeuziwa mbovu.” Nikamuuliza kitu kimoja tu: “Mama, kabla ya soya ilikuwa inapura nini?” Mahindi, akanijibu, misimu miwili mfululizo. Tangu hapo hakuna aliyegusa puli, mkanda wala nati.

Mashine ilikuwa nzima. Ilisetiwa kwa mahindi, ikalishwa soya. Kazi yangu naifanyia Kariobangi Light Industries, na malalamiko mengi ninayoletewa kuhusu alizeti, soya, simsim na karanga huishia hapo hapo: mkulima amebadilisha zao, mashine haijaambiwa. Wateja wangu wengi wanalima kwa simu. Wao wako Nairobi, shamba liko Busia, Bungoma, Laikipia au Homa Bay, na trekta ni ya kukodi. Ndiyo maana nimeandika dalili jinsi zinavyoonekana kwa macho, ili hata ukiwa mjini uweze kumuuliza kijana aliye shambani swali linalofaa, naye ajue ashike nati ipi. Kenya inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia kutoka nje, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia. Inaniuma sana kuona mtu aliyeamua kulima mbegu za mafuta hapa kwetu akikata tamaa kwa sababu ya puli ya inchi nne.

Mstari umeota kwa mapengo

Usianzie kwenye planta, yaani mashine ya kupandia. Anzia kwenye mstari ulioota, ukiwa na tepu ya kupimia, na upime umbali kutoka pengo moja hadi jingine.

Pengo likirudi kwa umbali uleule, umepewa jibu. Chukua sahani ya mbegu yenye matundu 16, inayoangusha punje moja kila sentimita 30. Ikimaliza mzunguko mmoja, trekta imesonga mita 4.8. Kwa hiyo pengo linalojirudia kila mita 4.8 maana yake ni tundu moja limeziba au limevunjika ukingo. Toa sahani, iangalie kwenye mwanga, zibua kwa kijiti. Usitumie msumari, utapanua tundu na msimu ujao litakuwa linabeba mbili mbili.

Pengo likitokea ovyo, hapa mita moja, pale tatu, kisha mstari mzuri, ninashuku mwendo. Dereva wa kukodi hulipwa kwa ekari na hana sababu ya kwenda polepole. Weka vijiti viwili umbali wa mita 100. Trekta ikitumia dakika moja kutoka kijiti hadi kijiti, inakwenda kilomita 6 kwa saa, na mwendo huo unafaa kwa planta nyingi za sahani. Ikifika kwa sekunde 40, inakwenda kilomita 9, na matundu yanapita chini ya mbegu kabla hazijakaa. Kama mwendo uko sawa, angalia gurudumu linaloendesha sahani. Tairi isiyo na upepo wa kutosha au mnyororo uliolegea huteleza, na kila linapoteleza mbegu haianguki.

Miche miwili ikitoka shimo moja, shimo baada ya shimo, hiyo ni sahani ya mahindi. Punje ya alizeti ni bapa na imechongoka upande mmoja, kwa hiyo kwenye tundu la mahindi zinalala mbili ubavu kwa ubavu. Tafuta sahani ya alizeti ya planta yako. Ukienda Kirinyaga Road kutafuta vipuri beba ile ya zamani mkononi pamoja na mbegu zako kwenye mfuko, na uzijaribu pale pale dukani kabla ya kulipa.

Mstari mzima usipoota hata mche mmoja, bomba la mbegu lilijaa udongo. Hutokea dereva anapoteremsha planta trekta ikiwa imesimama, au anaporudi nyuma kidogo ili “aanze vizuri”. Planta huteremshwa trekta ikiwa inasonga mbele. Msimamie mwanzo wa kila mstari mpaka azoee.

Haya yote yangeonekana kabla ya kupanda, kwa nusu saa tu. Inua planta kwa jeki, piga alama ya chaki kwenye gurudumu, pima mzingo wake. Tuseme ni mita 2. Zungusha mara 10 kwa mkono, kwa mwendo wa kawaida, ukikinga mbegu kwenye kikombe. Hizo ni mita 20, na kwa nafasi ya sentimita 30 unatarajia mbegu 67 hivi. Ukipata 50 au 90, bado uko nyumbani na mbegu iko mkononi. Mistari ikiwa sentimita 75, nafasi hiyo inakupa karibu mimea 18,000 kwa ekari.

Soya ina jambo lake. Wengi sasa wanaipaka chanjo ya bakteria wanaoipa mizizi naitrojeni, kama BIOFIX, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na ninaiunga mkono kabisa. Lakini mbegu iliyopakwa maji ya sukari au gundi ikiingia kwenye planta ikiwa mbichi hushikamana, na sahani inazunguka tupu. Ipake kivulini, itandaze kivulini mpaka isishike kidole, ipande siku hiyo hiyo. Ukiianika juani ikauke haraka unawaua bakteria uliowanunua. Jioni osha sahani, kwa sababu utando ule ukilala usiku unakuwa mgumu.

Simsim hupita kwenye kila upenyo wa planta ya mahindi. Ukikosa sahani yake, ichanganye na mchanga mkavu uliochekechwa, na usiifukie zaidi ya sentimita 3.

Miche ilitoka vizuri, kisha ikadumaa

Chimba mche mmoja kwa jembe, usiuvute. Mzizi mkuu wa alizeti unatakiwa kushuka wima, na ukipewa nafasi huenda chini zaidi ya mita. Ukiona umeshuka kama sentimita 15 au 20 kisha ukakunja kona, umekutana na ubao mgumu uliotengenezwa na plau ya visahani iliyopita kina kilekile mwaka baada ya mwaka. Mahindi huvumilia kwa kiasi kwa sababu mizizi yake hutawanyika. Alizeti haivumilii. Dawa ni kupasua kwa ripa, lile jino refu la chuma linalovutwa na trekta, na kazi hiyo hufanywa udongo ukiwa mkavu ili upasuke. Ukipasua ukiwa na maji, ripa inachora mfereji tu, na umechoma dizeli bure.

Kama mzizi umenyooka lakini ncha yake imekuwa ya kahawia, umeungua kwa mbolea. DAP ikianguka mfereji mmoja na mbegu ya alizeti, inaiua au inaidumaza. Sogeza kisu cha mbolea sentimita 5 pembeni na sentimita 5 chini ya mbegu. Ni bolti mbili tu, lakini nimeona planta ambazo bolti hizo hazijawahi kufunguliwa tangu zitoke dukani.

Wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama wa kuanzia Embakasi kuelekea Athi River, waongeze moja: kisu kikipita udongo ukiwa umelowa, hulainisha kuta za mfereji kama ukingo wa chungu, na mizizi hushindwa kutoka nje. Finyanga donge, liangushe kutoka usawa wa kiuno. Lisipovunjika, subiri.

Punje zinapasuka, au zinabaki kwenye kichwa

Kwenye mashine ya kupura kuna vitu vitatu vya kurekebisha: mwendo wa drami, yaani lile pipa lenye meno linalozunguka, nafasi kati ya drami na wavu wa chuma ulio chini yake, na upepo wa feni. Gusa kimoja kwa wakati. Ukivigusa vyote pamoja, hutajua kipi kilitibu na kipi kiliharibu.

Punje zikipasuka, anza na mwendo. Mashine ya yule mama ilikuwa na mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika, puli ya inchi 4 kwenye mota na ya inchi 12 kwenye drami. Zidisha 1,450 kwa 4, gawanya kwa 12: drami ilizunguka mara 483 hivi. Tukafunga puli ya inchi 16 kwenye drami, ikashuka hadi 362, na mkanda mrefu kidogo. Gunia la majaribio lilitoka na punje zilizopasuka za kuhesabika. Mwendo unaofaa hutegemea unene wa drami: drami nene huigonga punje kwa nguvu zaidi hata ikizunguka mara zilezile. Kwenye kombaini, ile mashine inayovuna na kupura kwa pamoja, yenye drami ya kipenyo cha sentimita 56 hivi, alizeti hupurwa vizuri karibu na mizunguko 300. Kanuni ninayoifuata ni kuanza chini na kupandisha kidogo kidogo mpaka kichwa kitoke tupu.

Ukipunguza mwendo na soya bado inapasuka, tatizo ni ukavu. Soya inapurwa vizuri ikiwa na unyevu wa asilimia 13 hivi. Ikishuka chini ya 11 hupasuka kwa urahisi sana. Pura asubuhi kabla jua halijakaza, maganda yakiwa bado yamekunywa umande kidogo.

Kwa alizeti malalamiko huwa ya upande wa pili: punje zinabaki kichwani, au zinatoka zimechanganyika na vipande vyeupe laini kama sponji. Sponji ikionekana, vichwa havijakauka. Mgongo wa kichwa kuwa wa manjano maana yake punje imekomaa, lakini nyama yake bado ina maji. Vikate, uvianike kwenye turubai punje zikitazama juu mpaka mgongo uwe wa kahawia na ukiuvunja usikie sauti. Punje zikibaki kwenye kichwa kilichokauka vizuri, punguza nafasi ya wavu. Mahali pa kuanzia ni inchi moja upande wa kuingilia na robo tatu ya inchi upande wa kutokea. Usipandishe mwendo kwanza. Mwendo husaga kichwa, na makapi yaliyosagwa ni yenye uzito sawa na punje, feni haiwezi kuyatenganisha.

Na feni ndiyo mwizi mkubwa kuliko wote, kwa sababu huiba bila kuacha alama ndani ya gunia. Alizeti ni nyepesi. Upepo uliosetiwa kwa mahindi huipuliza nyuma pamoja na makapi. Tandaza shuka nyuma ya mashine kwa dakika moja, kisha bonyeza punje ulizozikinga. Zikiwa mapepe, acha feni ilivyo. Zikiwa zimejaa, ziba sehemu ya mdomo wa feni kwa bati mpaka zikome. Mashine nyingi za jua kali feni yake inazungushwa na shafti ya drami, hivyo ukipunguza drami umepunguza na upepo: kwa alizeti hiyo ni baraka, kwa soya utabaki na takataka gunini na itakubidi feni uiwekee puli yake ndogo zaidi.

Kama umevuna kwa kombaini, pinda waya uwe mraba wa mita moja kwa mita moja, utupe mahali ilipopita, uhesabu punje zilizo chini. Punje 1,000 za alizeti ya mafuta zina gramu 50 hivi. Ukihesabu 100 ndani ya mraba, hizo ni gramu 5, na kwa ekari nzima ni kilo 20 ulizoziacha chini. Tupa sehemu tano au sita tofauti. Ukikuta punje nyingi hata mahali ambapo kombaini haijafika, zilianguka zenyewe au ni ndege, usiilaumu mashine.

Soya utakayoipanda tena ipime kabla ya kuiweka stoo. Hesabu punje 100 zinazoonekana nzima, ziloweke kwa dakika kumi kwenye maji yenye dawa kidogo ya kung'arisha nguo. Zenye ganda lililopata ufa huvimba upesi. Zikizidi kumi, ziuze, usizifanye mbegu.

Mashine ikiziba, zima. Kupunguza mwendo wa injini hakutoshi. Zima injini, toa ufunguo, subiri drami isimame ndipo uingize mkono. Shafti ya PTO inayotoka nyuma ya trekta huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Ikishika mkono wa koti, hakuna muda wa kuita mtu. Kifuniko chake cha plastiki kikivunjika ninakataa kuirudisha mashine mpaka kiwekwe kipya, na kuna wateja walionikasirikia kwa hilo.

Kombaini inanuka moshi

Simama. Vumbi la alizeti ni laini, lina mafuta, na hujikusanya kwenye bomba la moshi na kwenye turbo. Linashika moto kwa joto la injini tu. Lipulize kwa kompresa asubuhi na tena mchana, angalia beringi zinazopata joto, na usiingie shambani bila mtungi wa kuzimia moto na pipa la maji pembeni. Siku za upepo mkali na ukavu, vuna asubuhi au jioni.

Mashine ya kukamua haitoi mafuta

Kwanza hakikisha unadai mafuta yaliyomo. Alizeti nzuri ina mafuta asilimia 40 hivi, simsim karibu 50, karanga 45 na kuendelea, soya 20 tu. Kijana mmoja alikuja na hasira kwamba kilo 100 za soya zilimpa lita 13. Nilimshika mkono nikampongeza. Hata mashine inayobakiza asilimia 7 tu ya mafuta kwenye mashudu, yaani mabaki ya mbegu iliyokamuliwa, haiwezi kufika lita 16 kwa soya. Kwa alizeti ya asilimia 40, kilo 100 zikikupa lita 32 hadi 36, mashine ya skrubu inafanya kazi yake.

Chini ya hapo, shika mashudu. Yanasema kila kitu.

Mashudu mazito, laini, yanayoacha mafuta kiganjani ukiyakamua: mbegu ina maji mengi, au mdomo wa kutokea mashudu umefunguliwa mno, au skrubu imelika. Zifuate kwa mpangilio huo. Mbegu ya kukamua inatakiwa unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Ile njia ya wakulima ya kupima unyevu kwa kutikisa punje na chumvi kwenye chupa haikufai hapa. Inakuonyesha tu kama umevuka 15. Nunua kipima unyevu, au mkiwa kikundi changeni. Mbegu ikiwa sawa, kaza mdomo robo mzunguko, subiri dakika tano, tazama tena. Mashudu yanatakiwa yawe vipande vyembamba vinavyovunjika. Yasipobadilika hata ukikaza, fungua uitazame skrubu: kingo zikiwa zimeviringika na kung'aa, imelika. Mara nyingi kilichoila ni mchanga. Alizeti iliyopurwa juu ya ardhi tupu hubeba mchanga, na mchanga unakula chuma kama msasa. Chekecho la elfu chache lingeokoa skrubu ya bei kubwa.

Mashudu yanayotoka kama unga mkavu huku mota ikinguruma na moshi ukitoka: mbegu imekauka kupita kiasi. Nyunyizia maji kidogo sana, changanya, funika usiku kucha, ukamue asubuhi.

Maganda nayo yana kipimo chake. Yakiwa mengi hunywa mafuta na kutoka nayo. Yakiondolewa yote, skrubu inakosa cha kushika na mbegu inageuka uji unaozunguka bila kusonga. Ondoa sehemu, bakisha sehemu. Wanaotumia mashine ya mkono ya kusukuma wanalijua hili vizuri. Ile iliyobuniwa Tanzania miaka ya 1980 na Carl Bielenberg, ambayo shirika la ApproTEC la hapa Nairobi lilikuja kuiuza kwa jina la Mafuta Mali, ilitaka alizeti ya ganda laini. Ukiipa yenye ganda nene unasukuma mpaka bega linauma na mafuta yanadondoka kwa kuhesabu.

Mafuta ya dakika za kwanza huwa machafu na machache kwa sababu mashine haijapata joto. Anza mdomo ukiwa wazi, ilishe mashudu ya jana mpaka ipate joto, kisha ukaze taratibu. Mafuta yakiendelea kuwa na tope, angalia fito za chuma zinazoizunguka skrubu: moja ikilegea, upenyo unapitisha nyama ya mbegu. Hata yakiwa safi, yaache yatulie siku mbili kabla ya kuyachuja kwa kitambaa. Yanayotoa povu kwenye sufuria bado yana maji au utelezi wa mbegu.

Mashine iliyohamishwa kutoka jengo moja kwenda jingine, kisha ikakataa kabisa kusukuma mbegu, usiifungue bado. Tazama skrubu inazunguka upande gani. Kwa umeme wa fezi tatu, fundi akibadilishana nyaya mbili mota inazunguka kinyume. Muite fundi wa umeme mwenye leseni azirudishe, kazi ya dakika kumi.

Umeme ukikatika mbegu zikiwa ndani, fungua mdomo upesi kabla mashine haijapoa. Mashudu yakipoa ndani hushika kama saruji, na ukiwasha mota kwa nguvu unaunguza mota au unavunja shafti. Yakishaganda hakuna njia ya mkato: fungua bolti za ngome inayoshika fito, toa fito moja moja, panga chini kwa mfuatano zilivyotoka, ukwangue. Jioni ya kawaida, dakika kumi kabla ya kuzima, acha kuweka mbegu, mimina maganda makavu, legeza mdomo, na usizime mpaka kinachotoka kiwe maganda matupu.